Mashine ya Kuchuma Chai Ikikutoa Shambani: Kutoka Barua ya Kuachishwa hadi Meza ya Fundi

Kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, Bomet na Nandi, kazi ya vidole imekuwa ikihamia kwa mashine kwa zaidi ya miaka 15. Mashine yenyewe si kitu cha ajabu: injini ndogo ya petroli, visu viwili virefu vinavyopishana, na feni inayopuliza majani kuelekea kwenye mfuko. Watu wachache huibeba juu ya safu ya chai na kumaliza kwa saa kadhaa kazi iliyokuwa ya kundi zima kwa siku. Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho kwa hasira ya kukosa kazi. Kuchuma kwa mashine hakukukoma.

Mwongozo huu ni wa mchumaji aliyepata barua ya kuachishwa, au anayeiona ikija. Umeegemea sheria ya Kenya. Wa Mufindi, Njombe na Tukuyu, upande wa Tanzania, wana aya yao mbele. Nusu yake ni pesa unazodai, kwa sababu ndizo mtaji pekee ambao wengi watakuwa nao. Nusu nyingine ni kazi ambayo mashine, popote ilipoingia, huiacha nyuma yake: kutengeneza kinachoharibika.

1. Kusanya karatasi kabla ya barua

Usingoje tarehe. Weka pamoja mikataba yote, hata ya msimu, peisilipu, risiti za mizani, kadi ya chama cha wafanyakazi na taarifa ya michango ya NSSF. Piga picha kila karatasi na uzitume kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini; nyumba za kampuni huhamwa kwa haraka na karatasi hupotea.

Risiti za mizani ndizo muhimu kuliko zote kwa anayelipwa kwa kilo. Malipo ya kuachishwa huhesabiwa kwa siku, na mlipwa kwa kilo hana kiwango cha siku kilichoandikwa. Mwajiri akichukua miezi ya ukame, wakati majani ni haba, wastani wako unashuka. Dai wastani wa miezi 12 kamili, ya mvua na ya kiangazi. Huwezi kuudai bila kuuonyesha.

Wa mikataba ya msimu wasijitoe mapema. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika chini ya miezi 3: huweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Kinachoua madai haya ni mapengo kati ya mkataba na mkataba. Andika tarehe za kila pengo na ni nani aliyekuambia ukae nyumbani.

2. Fanya hesabu yako mwenyewe

Kifungu cha 40 ndicho kinachohusu kazi kufutwa kwa sababu zisizo kosa la mfanyakazi, mashine zikiwemo. Mwajiri hana budi:

- kukijulisha chama chako na ofisa wa kazi, kwa maandishi, sababu na ukubwa wa kupunguza watu, angalau mwezi mmoja kabla. Kama huna chama, barua inakuja kwako mwenyewe na kwa ofisa wa kazi;
- kuchagua wa kuondoka kwa kuangalia miaka ya utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu;
- kulipa likizo ambayo hukuichukua;
- kutoa notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi badala yake;
- kulipa fidia ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Chukua mfano wa mtu wa wastani wa shilingi 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 11 na miezi 8. Miaka iliyokamilika ni 11, hiyo miezi 8 haihesabiwi. Fidia: 15 × 11 × 600 = 99,000. Notisi: 26 × 600 = 15,600. Likizo ya siku 14 ambazo hakuzichukua: 8,400. Jumla 123,000. Hapo ni chini kabisa kisheria. Mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri mara nyingi unapita siku 15, kwa hiyo mwombe katibu wa tawi akuonyeshe ukurasa wenyewe, usiridhike na kuambiwa tu.

Kuna jibu moja wachumaji hupewa dirishani ambalo si kweli: “Wewe uko NSSF, hakuna fidia.” Anayekatwa NSSF hukosa malipo mengine, yale ya utumishi ya kifungu cha 35. Fidia ya kifungu cha 40 haifutwi na NSSF.

3. Kabla ya kutia sahihi

Karatasi ya mwisho huwa na maneno kwamba umepokea kila kitu na huna dai lingine. Mahakama huyachukulia maneno hayo kwa uzito. Nenda nayo nyumbani usiku mmoja, linganisha na hesabu yako. Ikiitwa “kustaafu kwa hiari”, linganisha kiasi chake na cha kifungu cha 40 kabla ya kufurahia neno hiari. Ukiona upungufu, andika barua fupi ukitaja kiasi, nakala kwa chama na kwa ofisa wa kazi. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa ofisa wa kazi ndani ya miezi 3. Kesi ya madai ya ajira ina kikomo cha miaka 3.

Omba pia vitu viwili ambavyo havimgharimu mwajiri chochote. Cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako hata kama mliachana vibaya. Kiandike kazi zote ulizofanya, siyo “mchumaji” tu kama ulishika pia mashine, stoo au kupogoa. Na tarehe ya kuhama nyumba iangukie mwisho wa muhula wa shule. Ombi hilo hukubaliwa mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani, lakini likiombwa kwa maandishi na kabla ya tarehe ya kufunga hesabu.

Upande wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, na lazima uwe umetimiza miezi 12 kazini. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Hizo siku 30 ndizo huwanyima wengi haki, kwa kuwa huzimaliza wakingoja ahadi za meneja.

4. Gawa pesa siku zinapoingia

Miezi minne ya chakula na pango hukaa pembeni kwanza, katika akaunti isiyounganishwa na mikopo ya simu. Kisha bima ya afya: ukitoka kwenye makato ya mwajiri, SHA inakuhesabu kama asiye na ajira rasmi, kiwango hakiwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi na hulipwa cha mwaka mzima, yaani 3,600 au zaidi. Ukikisahau utakikumbuka hospitalini.

Kwa yule wa 123,000 anayetumia 15,000 kwa mwezi: 60,000 za nyumba, 3,600 za SHA, vifaa visivyozidi 35,000, zinabaki 24,400 za spea na dharura. Hesabu hii haina pikipiki. Kijiji kikiachishwa pamoja, kila mtu hununua bodaboda mwezi uleule, abiria ni walewale, tena hawana kazi.

5. Chagua kazi kwa kuuliza nani atalipa

Wazo la kwanza la wengi ni kuomba kuendesha mashine. Omba, lakini foleni ni ndefu na nafasi ni chache kwa hesabu yenyewe ya mashine. Ukiipata, dai vizuia kelele vya masikio na glavu, na mpokezane. Vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe wakati wa baridi, ni mtikisiko umeanza kuharibu mishipa, na hali hiyo ikikomaa hairudi.

Kazi ya mkono ipo bado kwa wakulima wadogo wanaouza kwa viwanda vya KTDA, ambako majani mawili na chipukizi ndiyo kipimo, na kwa viwanda vidogo vya chai maalumu, kama chai ya zambarau ya aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima 2011. Huko wanataka jani lisilopondwa, kwenye kikapu kisichoshindiliwa. Kupogoa kwa mkataba pia hulipa vizuri kwa msimu; shamba hupogolewa kila miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo ni kazi ya kuzunguka, si ya kukaa mahali pamoja. Mkiwa 10 au zaidi mnaweza kusajiliwa kama kikundi cha kijamii chini ya sheria ya 2022 na kuomba kandarasi kwa jina moja.

Lakini kazi inayokua kila mashine inapoongezeka ni ufundi wa injini ndogo. Usiitegemee kampuni: mashamba makubwa yana karakana zao. Wateja wako ni mwenye pampu ya maji mtoni, mwenye mashine ya kukatakata nyasi za ng'ombe, mpasua mbao mwenye msumeno wa petroli, shule yenye mashine ya kufyeka uwanja, na mkulima aliyenunua mashine ndogo ya chai ya mkono. Wote hao wana kitu kimoja ndani ya stoo kisichowaka.

6. Vifaa vya kuanzia

Seti ya spana na soketi (8 hadi 19), spana ya plagi, bisibisi bapa na za nyota, funguo za pembe sita na za nyota ya ncha sita, koleo, geji ya kupimia mwanya, tupa bapa na tupa ya mviringo, brashi ya waya, tochi, mita ya umeme, bomba la grisi, na sindano ya dawa ya ng'ombe ya mililita 20 kutoka duka la dawa za mifugo. Sindano hiyo iwe haijawahi kuguswa na dawa, tafadhali. Spea za mwanzo: plagi, mipira ya mafuta, filta za ndani ya tangi, kamba za kuwashia na viwambo vya kabureta. Usinunue pistoni za akiba. Aina ni nyingi mno na zitalala.

7. Mafuta, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi hufia

Injini ya mipigo miwili (two-stroke), kama ya msumeno wa petroli, haina tangi la oili. Oili huingia pamoja na petroli. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita: sindano moja. Kwa 25 kwa 1, mililita 40: sindano mbili. Lita 5 hutaka mililita 100 au 200. Fuata kilichoandikwa kwenye mashine. Kama maandishi yamefutika, chukua 25 kwa 1. Hasara yake ni moshi na plagi chafu, ilhali oili ikipungua pistoni hukwaruzika na hapo ni injini nyingine. Tumia oili ya mipigo miwili tu. Oili ya gari haiungui vizuri, inaacha masizi yanayoziba bomba la moshi. Changanya kwenye dumu, siyo kwenye tangi, tikisa, andika tarehe. Mchanganyiko wa zaidi ya mwezi mmoja usiupe mashine.

Injini ya mipigo minne (four-stroke), ile ya pampu na ya kukatia nyasi, ina oili yake chini. Za ukubwa wa farasi 5.5 hubeba takribani lita 0.6, badilisha baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Pampu nyingi husafirishwa zikiwa kavu, bila tone la oili, na mwenyewe akaivuta kamba siku hiyohiyo. Ikiwa injini yenye kinga ya oili inazima yenyewe na oili imejaa, angalia mahali ilipokaa: kwenye mteremko oili huhamia upande mmoja na kinga hukata moto. Isawazishe kabla ya kufungua chochote. Vilima vya Kericho vitakupa simu nyingi za namna hii.

8. Mashine isiyowaka: mpangilio wa kutafuta

Anza na kilicho rahisi, usirukie kabureta.

Mwaga mafuta, weka mapya. Peke yake hii huwasha mashine nyingi zilizolala stoo. Kisha toa plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi na yenye unyevu: mafuta yanazidi, filta ya hewa imeziba, au oili ni nyingi. Nyeupe: hewa inazidi mafuta, na injini inajichoma, usiiachie mteja mpaka ujue sababu. Mwanya wa mipigo miwili huwa milimita 0.6 hadi 0.7, wa zile za farasi 5.5 milimita 0.7 hadi 0.8. Pima cheche kwa kugusisha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tangi na mafuta yaliyomwagika.

Cheche zipo, plagi ni kavu: mafuta hayafiki. Vuta filta ya tangini kwa ndoano ya waya, kagua mipira. Hupasuka pale inapopita kwenye tundu la tangi, mahali jicho halifiki. Kisha kiwambo cha kabureta, kile kipande laini chembamba. Kikiwa kimekakamaa kama karatasi, badilisha, hakisafishiki. Skrubu za kabureta za L (mwendo wa chini) na H (mwendo wa juu) zirudishe polepole mpaka zikae, kisha zifungue mzunguko mmoja kama mwanzo. Ukizikaza kwa nguvu unaharibu kikalio, na kabureta hiyo haitatulia tena.

Inawaka lakini haina nguvu: bomba la moshi. Wavu wake mdogo huzibwa na masizi. Uchome mpaka masizi yaishe au usugue kwa brashi.

Kabla ya kutaja bei yoyote, ondoa bomba la moshi na umulike pistoni kupitia tundu lake huku ukivuta kamba taratibu. Ukuta laini, endelea. Ukiona mikwaruzo ya wima, mwite mwenye mashine aione kwa macho yake. Fundi anayesafisha kabureta ya injini iliyokwaruzika hulaumiwa yeye. Kama huna geji ya mgandamizo, inua msumeno mwepesi ukiwa umezimwa kwa kushika mpini wa kamba: ukishuka kwa kusitasita mgandamizo upo, ukiporomoka moja kwa moja umekwisha.

9. Visu vya mashine ya chai

Utomvu wa chai hukauka kama gundi. Visu vioshwe kila jioni kwa maji ya sabuni na brashi, vikaushwe, vipakwe oili nyepesi. Wakati wa kazi vipakwe tena karibu kila saa, kwa kiasi cha kulowesha tu, maana jani likinuka mafuta kiwandani litakataliwa. Kwa sababu hiyo oili ya mimea ni bora kuliko ya injini hapa.

Mwanya kati ya visu hurekebishwa kwa kukaza kila skrubu mpaka mwisho, kisha kuirudisha robo hadi nusu mzunguko na kufunga nati yake. Endesha dakika mbili, zima, toa plagi, gusa. Vuguvugu ni sawa. Vikiunguza, umekaza mno. Vikilegea, havikati bali hukunja kijiti katikati, na ncha za majani hugeuka kahawia. Mkulima atasema visu ni butu. Noa mwisho, baada ya kurekebisha mwanya. Unaponoa, piga tupa upande wenye mteremko pekee, kwa pembe ileile ya kiwandani, idadi sawa ya mipigo kila jino. Upande bapa usiguswe.

Mashine za betri nazo zinaingia. Hizo hutaka mita: pima volti ya betri, chaja, kisha nyaya zinazopita kwenye mpini. Betri iliyovimba haichajiwi wala haifunguliwi.

10. Bei, daftari na cheti

Toza uchunguzi kiasi kidogo, na ukikate kwenye bei mteja akikubali kazi. Spea aone risiti, kazi yako iandikwe mstari wake peke yake. Ukificha faida ndani ya spea, siku atakapopita dukani mwenyewe utampoteza. Spea zaidi ya uwezo wako zinunuliwe kwa pesa ya mteja iliyotangulia. Msimu wako ni wakati wa kiangazi kwa pampu, na mvua kwa mashine za chai na za nyasi. Tangaza matengenezo mwezi mmoja kabla, wakati watu hawajakurupushwa.

Baada ya miezi kadhaa ya kazi, ulizia NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, mtihani wa serikali wa ufundi. Una madaraja ya III, II na I, na humpima mtu kwa anachofanya, siyo kwa miaka ya darasani. Cheti hakitakuletea mkulima wa jirani. Shule, kanisa na ofisi ya kaunti ndio hukiomba kabla ya kutoa kazi, na hao ndio wenye mashine nyingi mahali pamoja.

Kila mashine inayoingia iandikwe siku hiyohiyo: jina, simu, aina, namba ya injini, kilichokosekana ilipofika (kofia ya tangi, kifuniko, kamba), tatizo alilolisema mwenyewe, na sahihi yake. Ongeza sharti la siku ya mwisho ya kuichukua na ada ya kuhifadhi baada ya hapo. Usiuze mashine ya mtu kufidia deni kwa uamuzi wako mwenyewe. Mpe notisi ya maandishi, nakala kwa chifu, na uihifadhi ikiwa kamili.